Mbuta wa Kisegi Waenda Ulaya

Nimepata barua zenu tatu, na zote zinauliza swali moja: ilikuwaje? Mmoja wenu amesikia kwamba lori lilitumbukia mtoni. Mwingine ameandikiwa kwamba nilikamatwa Migori. Sikukamatwa, na lori halikutumbukia popote. Tulieni niwaeleze mwenyewe, maana habari ikitoka Kisegi, mpaka ifike kwenu huko imeshaota pembe na mkia.

Kwanza mkumbuke hali yetu ilivyokuwa. Wazungu walikuwa wamefunga mlango, hawanunui samaki wa ziwa letu. Walisema samaki si salama, na kila afisa aliyetutembelea alikuja na sababu yake. Viwanda vikasimama, malori ya barafu yakaacha kuja, na mbuta mkubwa wa kubebwa na watu wawili akawa anaozea ufuoni kwa kukosa mnunuzi. Kisha mlango ukafunguliwa kidogo. Kiwanda kimoja cha Migori kikasema kitanunua tena, lakini kwa bichi za wavuvi zilizo kwenye orodha tu. Ili Kisegi tubaki kwenye orodha hiyo, mzigo wetu wa kwanza ulipaswa kufika getini ukiwa baridi, na karatasi zake zikiwa sawa. Ukikataliwa, jina letu linafutwa na lori linapelekwa bichi nyingine.

Mimi ndiye karani wa kamati ya bichi. Mchana napasua samaki kama wanawake wenzangu, jioni naandika, kwa sababu niliwahi kuwa karani wa shule na mwandiko wangu mnaujua. Kamati ikaamua niende na lori hadi Migori, nikabidhi karatasi kwa mkono wangu mwenyewe. Nilivimba kichwa kidogo, sitawaficha.

Kisegi hadi Magunga

Tuliondoka jua likichomoza. Samaki walikuwa wamepangwa ndani ya boksi la lori, safu ya samaki, safu ya barafu iliyopondwa, na juu kabisa barafu tupu. Afisa wa samaki alifunga mlango wa nyuma, akapitisha waya mwembamba kwenye matundu ya komeo, akaubana kwa kipande cha risasi chenye nambari. Hicho ndicho wanachokiita sili. Aliandika nambari yake kwenye fomu ya nakala tatu zilizotenganishwa kwa kaboni, akanipa.

"Hii isikatwe mpaka Migori," alisema. "Ikikatwa njiani, kuna mahali hapa chini pa kuandika kwa nini."

Wavuvi walikuwa wamesimama kando ya mitumbwi. Watu waliokaa miezi bila kazi ya maana hawana haraka ya kushangilia. Mwenyekiti wetu, Jaduong' Odero, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Min Okoth, fika."

Dereva alikuwa Chacha, Mkuria wa upande wa Kehancha, mtu mrefu mwenye shingo ngumu. Kutoka Kisegi hadi Magunga aliniambia mambo mawili: "Funga mlango," na "Shika hapo juu." Nilimpa chai ya chupa yangu, akakataa. Nikampa mandazi, akakataa. Nikamuuliza ana watoto wangapi, akajibu, "Wako." Nikasema moyoni, basi kaa na kiburi chako, barabara itatuzoeza.

Magunga alisimama kukaza nati za gurudumu. Watu wakajaa mara moja, wanataka kujua kama lori la samaki limerudi kweli. Mwanamke mmoja mwenye kibanda cha soda akamwomba Chacha barafu kidogo, hata ya kujaza karai tu. Chacha akamjibu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya soko, "Barafu hakuna! Hakuna, mama!" Kisha akageuka akaniangalia mimi, si yule mwanamke. Jambo hilo lilinishangaza, ila sikuuliza.

Nilichuchumaa nikachungulia chini ya boksi. Kulikuwa na bomba dogo la kutolea maji, nalo lilikuwa likidondosha tone, linatulia, tone jingine.

"Hivyo ni sawa," Chacha alisema, na nilifurahi kusikia sentensi nzima. "Ikianza kumwagika bila kuacha, ndio ujue tumeisha."

Magunga hadi penye tope

Tangu hapo sikuwa na raha. Kila gari lilipopunguza mwendo nilitoa kichwa dirishani kutazama nyuma kama tunaacha mstari wa maji barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha upande wa Ndhiwa, na ule udongo mweusi mnaujua: ukikauka ni jiwe, ukilowa ni uji. Saa tatu asubuhi tuliteremka bonde moja, magurudumu ya nyuma yakazama mpaka katikati, lori likalala upande kidogo na kunyamaza.

Jua lilikuwa limeshawaka. Chacha alikata matawi, akayaweka chini ya magurudumu, akajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila mara tulizama zaidi. Nilivua viatu nikasukuma peke yangu kama kichaa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Matone pale chini yalikuwa yameanza kukaribiana.

Mbele yetu, upande wa pili wa tope, kulikuwa na pikapu nyeupe iliyoelekea tulikotoka. Mwanzoni niliona watu wamekaa kivulini mwa mti wa miiba nikadhani ni abiria wanaosubiri fundi. Kisha nikaona jeneza nyuma ya pikapu, na mama mmoja mzee ameketi kando yake chini ya mwavuli, akipunga leso polepole kufukuza nzi. Nikatulia pale pale kwenye tope.

Wanaume wao wakainuka. Hawakuulizwa na hawakusema bei. Walikunja suruali, wakaingia topeni, kama watu kumi hivi, wakaweka mabega kwenye lori la watu wasiowajua huku wakiwa na maiti wao. Mmoja alianzisha wimbo wa kanisa ili wasukume kwa pamoja. Mara ya tatu lori likanguruma, likajikwamua, likapanda hadi penye kokoto.

Mkubwa wao alinifuata, mzee wa kofia ya kitambaa, tope limemfika kiunoni. Alikuwa baba mdogo wa marehemu.

"Erokamano, jaduong'," nilimshukuru. "Mmetuokoa."

"Gari ni gari. Leo yako, kesho yetu," alisema. Akaniambia kwamba kijana alifia nyumbani kwa dada yake huko mbele ya Ndhiwa, na kwa kuwa kwao si mbali waliona wamlete siku ileile, bila kupitia mochari. Ekseli ya pikapu ikavunjika hapa jana mchana. Walikuwa wametuma mtu nyumbani akalete ng'ombe na mkokoteni, na hao wangefika jioni.

Kisha akatazama boksi la lori.

"Nyinyi mmebeba nini?"

"Samaki. Wanaenda kiwanda ya Migori."

"Mko na barafu?"

"Tuko nayo."

Alitoa kofia, akafuta jasho, akairudisha kichwani. Mnajua kwetu. Penye msiba mtu haombi. Anataja kilichopo, na wewe unajua la kufanya.

Nilikasirika. Naliandika hili kwa sababu mnanifahamu, na mkisikia kwamba nilikuwa na huruma tangu mwanzo mtacheka. Niliwakasirikia kwa kuvunjikiwa na gari katika bonde hilihili. Nilimkasirikia marehemu kwa kufa wiki ile. Nilifikiria wavuvi wetu wamesimama kando ya mitumbwi, nikafikiria mwenyekiti na mikono yake miwili. Nikaangalia tena ile leso inavyokwenda na kurudi. Mama yule hakuwa ameligeukia lori hata mara moja. Harufu ilikuwa bado haijawa kubwa, lakini ilikuwepo, na saa sita ilikuwa ndiyo kwanza inaingia.

Nikamwendea Chacha. "Lete koleo."

"Ya nini?"

"Ya kukata sili. Tunawapa barafu ya juu."

Alirudi nyuma hatua mbili. "Mama, mimi si mjinga."

"Nani amesema wewe mjinga?"

"Waambie hao waliokutuma, Chacha hakuuza barafu. Chacha hata hakufungua. Umenipima tangu asubuhi, chai, mandazi, watoto. Mimi niko na familia."

Ilinichukua muda kumwelewa. Dereva aliyekuwa na lori lile kabla yake alifukuzwa kwa kupunguza barafu njiani na kuipeleka hotelini. Chacha alipoona safari hii amepandishiwa mwanamke mwenye fomu na kalamu, akaamini nimetumwa na ofisi kumchunguza. Ndiyo maana hakunywa chai yangu. Aliogopa nitaandika kwamba amekunywa.

Ningecheka kama hapangekuwa na jeneza. Nilimnyooshea mikono yangu. "Angalia hizi. Mtu wa ofisi ako na mikono imekatwa na magamba namna hii?"

Aliitazama. Kisha akafungua sanduku chini ya kiti, akatoa koleo, akaliweka juu ya kokoto mbele ya miguu yangu. "Kata wewe," alisema. "Mkono wangu usiwe hapo."

Nilikata. Waya ulitoa mlio mdogo tu, nikakiweka kile kipande cha risasi mfukoni. Chacha akafungua mlango upana wa bega, nami nikachota barafu ya juu kwa karai letu, sikugusa safu za samaki, mpaka magunia mawili yakajaa. Muda wote alikuwa akisema, "Haraka, mama, haraka, baridi inatoka." Nilibeba gunia la kwanza. Nilipogeuka kulifuata la pili, Chacha alikuwa tayari amelibeba begani mwenyewe, ameinamisha kichwa, anavuka tope kuelekea pikapu.

Wanaume wakafungua jeneza, wakapanga barafu, wakafunika. Mama mzee alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono. Nilingoja shukrani, na nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "nendeni. Samaki wenu wasiharibike."

Ndhiwa hadi Rodi

Tulipita Ndhiwa bila kusimama. Chacha sasa alikuwa ameanza kusema na hakukoma. Alikuwa na watoto wanne. Aliomba ile chai, akainywa baridi yote pamoja na majani. Aliniambia boksi lake ni zuri, barafu iliyobaki inatosha, cha kuogopa ni muda tu, maana geti la kiwanda hufungwa saa kumi na moja.

Karibu na Rodi nikaitoa fomu nikaiweka juu ya goti. Pale chini palikuwa na mistari miwili mitupu: sili ikikatwa njiani, eleza sababu.

"Andika tairi," Chacha alisema.

"Tairi gani?"

"Tairi yoyote. Ama andika ulikuwa unaangalia samaki. Watu wa karatasi hawataki maneno mingi."

"Chacha, njia ya mwongo ni fupi."

"Hii yetu ni ndefu, mama. Bado Rongo, bado Awendo."

Sikumsikiliza. Hapa ndipo ninapotaka mnielewe, kwa sababu ndipo wengi wanaponishangaa. Sikuandika nilichoandika kwa sababu ya utakatifu. Niliandika kwa sababu sikuona hatari yoyote. Tangu nizaliwe sijaona mlango unaomfungia mtu aliyesema "nilikuwa na msiba." Mwalimu anakosa darasa kwa msiba, na duka linafungwa katikati ya biashara. Mwenye deni hufika kwa mdai wake na kusema ametoka kuzika, naye mdai humvutia kiti. Niliamini kwamba sababu ile ndiyo nzito kuliko zote, hata nikaona ni bahati kuwa nayo. Tairi lingetufanya tuonekane wazembe. Msiba ungetufanya tuonekane watu.

Basi nikaandika, kwa Kiingereza changu cha shule, herufi zimesimama wima, nikikandamiza kalamu ili nakala zote tatu zitoke: kwamba sili ilikatwa ili kutoa barafu kwa maiti ya kijana aliyekwama barabarani pamoja na jamaa zake. Nikaweka sahihi. Nikaridhika sana na mwandiko.

Rongo

Na tairi likapasuka kweli, tukiwa tunaingia Rongo. Chacha alinitazama kwa jicho la pembeni. "Unaona? Hata Mungu alikuwa anakuletea."

Alipokuwa akibadilisha gurudumu nilienda kununua chochote cha kuweka tumboni, kwa kuwa tangu alfajiri tulikuwa na yale mandazi tu. Hotelini mhudumu, mwanamume mnene mwenye taulo begani, aliniletea kipande cha mbuta, mnofu mtupu, mnene kama mkono, pamoja na ugali na sukuma. Nilishangaa. Mnakumbuka enzi za viwanda: mnofu wote ulipanda ndege, sisi tukabaki tukinyonya kile kiunzi cha kichwa na mifupa tulichokiita mgongo wazi.

"Siku hizi mnapika mnofu?" nilimuuliza.

"Kula, mama, kula mbio," alisema. "Nasikia viwanda inafunguliwa. Wakirudi hao watu wa kuuza nje, sisi tunarudi kwa mifupa. Mimi hapa naomba Mungu wazungu wakasirike mwaka mwingine."

Hakujua alikuwa akiongea na nani. Nilitaka kumweleza kwamba mnofu huo ulikuwa rahisi kwa sababu wavuvi wetu walikuwa wakiutoa kwa hasara, kwamba raha ya sahani yake ilikuwa njaa ya nyumba zetu. Badala yake nilimaliza chakula, na kilikuwa kitamu. Nilimfungia Chacha kipande kwenye gazeti.

Niliporudi, maji chini ya boksi yalikuwa hayadondoki tena. Yalikuwa yakitiririka, uzi mwembamba usiokatika. Chacha aliona ninachotazama. Alitupa spana ndani na kuwasha gari.

Migori

Kutoka Rongo ni lami. Chacha aliendesha namna ambayo siku nyingine ningemfokea. Awendo tulikwama nyuma ya matrekta ya miwa, manne yakifuatana, na nilijikuta nikiomba kwa sauti bila aibu. Tulifika getini saa kumi na moja kasoro dakika chache. Mlinzi alikuwa ameshashika mnyororo.

Mkaguzi alikuwa msichana wa koti jeupe na gambuti, jina lake Achieng'. Aliponisikia nikimwamkia alinijibu kwa Kiluo na kuniita mama, roho yangu ikashuka mahali pake. Alimwambia Chacha afungue boksi. Akapanda, akachomeka kipimajoto ndani ya mbuta wa safu ya juu, akangoja. Akachomeka kwa wa katikati. Akachomeka kwa wa chini. Akafunua mashavu, akabonyeza macho ya samaki kwa kidole. Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa lori.

"Wako sawa," alisema akishuka. "Wako baridi kabisa. Mmetoka wapi, Kisegi? Na barabara ile?"

Chacha alicheka kwa mara ya kwanza siku nzima. Mimi machozi yalinitoka, nikayafuta kwa mkono unaonuka samaki.

"Sili iko wapi?" Achieng' aliuliza.

Nilimpa kile kipande cha risasi pamoja na fomu, kwa mikono miwili, kama mtoto anayetoa kazi aliyopata vema. Alisoma. Niliona macho yake yakifika mwisho wa mstari wa pili, yakarudi mwanzo, yakasoma tena.

"Mama," alisema polepole. "Umeandika maiti?"

"Ndiyo. Walikuwa wamekwama tangu jana. Mama yake alikuwa hapo hapo na jua."

"Pole. Pole sana kwao." Na alimaanisha, niliona. Kisha akashusha sauti. "Kwa nini hukuandika umeongeza barafu? Kwa nini hukuandika tairi?"

"Tairi ilipasuka baadaye," nilisema. Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo nasikia haya.

"Hii nakala moja inabaki hapa. Moja inaenda Nairobi. Moja inaenda na samaki mpaka kule." Aliinua fomu kidogo. "Kule kuna mtu anakaa na meza yake anasoma. Anaona lori ya samaki, anaona maiti. Hajui matanga. Hajui ulichota barafu ya juu. Anajua tu maiti na samaki ziko karatasi moja. Hatafunga Kisegi peke yake, mama. Atafunga sisi wote."

"Basi nipe nyingine niandike upya."

"Imeshawekwa nambari. Na afisa wenu wa Kisegi ako na hiyo nambari."

"Achieng', wewe ni mtoto wetu. Ungepita pale wewe?"

Alitazama mlinzi, akatazama samaki, mwishowe akanitazama mimi.

"Singepita," alisema. "Na singeandika."

Akagonga muhuri. Ulikuwa mwekundu. Aliugonga mara tatu, nakala moja baada ya nyingine, na kila mara niliruka kidogo.

Kurudi

Samaki waliokataliwa kwenda nje hutolewa kwa mlango wa pembeni, kwa wachuuzi wa soko. Nililala kwa binamu yake Chacha, na asubuhi nilipopita sokoni Migori niliwakuta mbuta wetu juu ya meza, wanang'aa. Wanawake walikuwa wakisukumana kuwanunua. Mmoja aliniambia nijaribu kichwa, leo ni wabichi sana, wametoka ziwani mbali. Nilimwambia ninajua.

Nilirudi kwa mabasi na miguu. Penye lile bonde pikapu ilikuwa bado imesimama, tupu, na alama za mkokoteni na kwato zilikuwa zimekauka kwenye tope kuelekea Magunga. Mwanamke aliyekuwa akichunga mbuzi aliniambia walimpitisha jioni ileile na wamemzika kwao vizuri. Nilikaa chini kando ya barabara, nikalia kwa nguvu, wala sikujua kama ni kwa ajili yake au kwa ajili yetu.

Kamati ilikutana ufuoni siku niliyofika. Niliwaeleza yote, sikupunguza. Nilipomaliza hakuna aliyenifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Jaduong' Odero aliuliza kijana alikuwa wa ukoo gani, nikamwambia. Aliuliza kama alizikwa, nikamwambia. Akazungusha macho kwa wenzake mmoja mmoja, kisha akasema.

"Barafu ulifanya vizuri. Ungepita bila kuwapa, leo tungekufukuza hapa na hakuna mtu angenunua samaki kwa mkono wako. Hiyo tumekushukuru." Wote wakaitikia. "Lakini kuandika, Min Okoth, umetumaliza. Kalamu tunampa Ouma."

Walinishukuru na kuniondoa katika kikao kimoja, na kila mmoja alinipa mkono. Ouma ni mvuvi mzuri, mtu wa maneno machache. Lori halikuja wiki ile, wala iliyofuata. Lilipita kwa juu kwenda bichi nyingine, na sote tulisikia mngurumo wake likipanda kilima.

Mwezi uliofuata kamati iliamua kuandika barua ya kuomba tukaguliwe upya. Ouma alikuja kwangu na daftari chini ya kwapa, akakaa mlangoni muda mrefu akizungumzia mvua. Kisha akasema mwandiko wake ni mbaya, na barua hii ni ya watu wakubwa, kwa hiyo ameona aniombe mimi niiandike, yeye ataweka sahihi.

Niliandika usiku ule mezani kwangu, herufi zimesimama wima. Niliandika kwamba sili ilikatwa ili kukagua mzigo, lori lilipokuwa limekwama kwenye tope. Niliandika kwamba karani aliyejaza fomu alikosea, na ameshaondolewa. Kiingereza kilikuwa safi na kila sentensi ilisimama vizuri kwenye mstari wake.

Lori limerudi Kisegi. Linakuja mara mbili kwa wiki sasa, wavuvi wana kazi, na mbuta wetu wanafika Ulaya. Nilisoma barua ile mara mbili kabla ya kumpa Ouma. Haikuwa na kosa hata moja, na hakukuwa na mtu aliyekufa ndani yake.